Fuata Shamba, Jina Litakuja Nyuma

Haya niliyasema Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa maktaba hapa Maryland, mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi huku. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Mizaha nimepunguza.

Wazee wangu, shikamooni. Na sisi wengine, habari za mchana.

Nimeambiwa nina dakika arobaini na kwamba chai iko tayari, kwa hiyo nitajaribu kuwa mwepesi. Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya mchana: napekua hati za ardhi. Mtu akitaka kununua nyumba, lazima apatikane wa kurudi nyuma kwenye masijala kuhakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye mali kweli, kwamba hakuna deni lililolalia kiwanja, wala shangazi wa mtu aliyesahauliwa kwenye mirathi. Kazi haina mbwembwe. Unamtafuta muuzaji, unauliza yeye aliuziwa na nani, na huyo naye aliuziwa na nani, hadi mchana unaisha.

Sasa, siku moja sikusimama pale nilipotakiwa kusimama. Nikaendelea kurudi nyuma kwa hamu yangu tu. Nikafika karne ya 17, na mpaka leo sijatoka huko.

Leo nataka kuwapitisha katika ukoo mmoja wa Marekani ya kikoloni kwa kutumia karatasi za mashamba. Watu wakitafuta mababu hukimbilia vyeti vya kuzaliwa na vitabu vya ubatizo. Hapo Virginia utagonga ukuta mapema. Jimbo lile lilianza kuandikisha vizazi kwa sheria mwaka 1853. Kabla ya hapo kulikuwa na vitabu vya parokia, na vingi vimepotea. Hati za ardhi zilitunzwa vizuri zaidi, na sababu ni ya kibinadamu kabisa. Kitabu cha ubatizo kikiloa, mchungaji husikitika. Kitabu cha mashamba kikipotea, kaunti nzima inagombana. Moto nao haukubagua. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond vihifadhiwe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Aprili 1865 mji ukaungua navyo. Lakini kaunti ya Northampton, ile iliyo kwenye ule ulimi wa ardhi kati ya ghuba ya Chesapeake na Atlantiki, haikuvipeleka. Kumbukumbu za mahakama yake zinaanza mwaka 1632 na zinaendelea bila kukatika, na vitabu bado viko pale Eastville. Ukoo wangu wa leo uliishi huko. Bahati yetu.

Tuanze na majina mawili ambayo hayana jina la baba. Mapema mwaka 1625 koloni la Virginia lilihesabu watu wake, nyumba kwa nyumba. Katika shamba la mfanyabiashara Bennett kuna mtu aliyeandikwa Antonio, Mwafrika, aliyekuja na meli iitwayo James mwaka 1621. Yuko na mwanamke, Mary, aliyekuja na Margrett and John mwaka 1622. Basi. Hakuna umri, hakuna wazazi, hakuna kijiji. Kisha ni kimya cha miaka mingi.

Halafu Julai 1651, katika Northampton, mtu anayeitwa Anthony Johnson anapewa hati ya ekari 250 kwenye hori la Pungoteague. Mwafrika huru, mwenye mke aitwaye Mary.

Je, huyu ndiye Antonio? Hapa ndipo wengi wetu tungesema ndiyo haraka haraka na kwenda kunywa chai. Tusubiri kidogo. Majina yanafanana, lakini kufanana hakutoshi. Mimi mwenyewe nimewahi kumfukuzia John mmoja miezi minane, kumbe si yeye.

Kiungo kinatoka mahakamani. Familia iliunguliwa na mali, ikaenda kuomba nafuu ya kodi. Tarehe 28 Februari mahakama ikaamua kwamba Mary na binti zake wawili wasitozwe kodi maisha yao yote. Mtajiuliza, kwa nini wanawake walikuwa wakitozwa? Kwa sababu sheria ya Virginia ya 1643 ilihesabu wanawake wa Kiafrika kama wafanyakazi wa kutozwa, huku wanawake wa Kiingereza wakiachwa. Kwa siku ile moja, mahakama iliwaondolea akina Johnson tofauti hiyo. Na katika kueleza sababu, karani akaandika kwamba watu hawa wameishi Virginia zaidi ya miaka 30.

Sasa piga hesabu. Lakini angalia mtego: kitabu kinasema 1652. Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na waliendelea hivyo hadi 1752. Kwa hiyo Februari ya 1652 kwao ni Februari ya 1653 kwetu. Ndiyo maana mtaona tarehe zimeandikwa 1652/53. Karani hakuwa na wasiwasi, alikuwa na kalenda mbili kichwani. Toa miaka 30 kutoka 1653, unapata 1623 au kabla yake. Meli zetu zilikuja 1621 na 1622. Na hesabu ile ya 1625 ilipata Waafrika 23 tu katika koloni zima. Antonio na Mary wangapi watatoka katika watu 23? Hiyo ndiyo hoja. Wanahistoria wanaikubali, nami pia. Lakini tazameni ilivyojengwa: orodha ya watu, hati ya shamba, ombi la kodi. Hakuna karatasi hata moja iliyosema "Antonio sasa anaitwa Johnson."

Turudi kwenye zile ekari 250. Kwa nini 250 kamili? Tangu 1618 Virginia ilikuwa na utaratibu wa kutoa ekari 50 kwa kila kichwa ambacho mtu amelipia nauli ya kuletwa. Gawanya, unapata vichwa vitano, na majina yao matano yameandikwa ndani ya hati. Orodha hizi ni asali kwa mtafuta ukoo, na kama asali zina nyuki. Haki ya kichwa iliuzwa na kununuliwa kama hati ya deni. Jina moja lingeweza kutumika mara mbili, na watu wawili tofauti. Wengine walikuwa wameshafika miaka kumi nyuma. Ukiona babu yako kwenye orodha ya 1651, unachokijua ni kwamba kufikia 1651 mtu alidai ardhi kwa jina lake. Usiandike "alifika 1651" kwenye ule mti wa ukoo mliotundika sebuleni.

Miongoni mwa vichwa vitano vya Anthony Johnson kuna Richard Johnson. Anthony ana mtoto wa kiume aitwaye Richard. Kama ni yeye, baba amedai ardhi kwa kichwa cha mwanawe. Wapo wanaodhani alimlipia mtoto utumishi wake ili awe huru. Hati yenyewe imefunga mdomo. Na kuna mwingine, ameandikwa Jno. Gesorroro. Msome kwa sauti. Tena. Karani Mwingereza alikuwa akiandika jina la kigeni kwa sikio lake, kama yule aliyeandika jina langu kwenye kadi ya kliniki hapa mwaka wa kwanza. Inaelekea huyu Gesorroro ndiye John Casor.

Hapa sitaki tupite kwa kunyata. John Casor alikuwa Mwafrika mwenzake Johnson, na alikuwa kwenye shamba lake. Alisema muda wake wa utumishi umeisha, akaenda kwa jirani Mzungu, Robert Parker. Johnson akashtaki. Machi 1655 mahakama ya Northampton ikaamua Casor arudishwe kwa Anthony Johnson. Alidaiwa kuwa wake maisha yote, na mahakama ikakubali. Nimewahi kukaa na watu wanaotafuta ukoo wao wakifika ukurasa kama huu, wanafunga kitabu. Mimi nasema uandike. Na ukiandika, mwandike Casor kwa jina lake, maana yeye naye ni babu wa mtu, au angeweza kuwa.

Zaidi ya hilo, mshike jirani. Kumbukeni jina Parker, tutalikuta tena.

Wana wa Johnson nao wakachukua mashamba jirani na baba. John alipata hati ya ekari 550 mwaka 1652. Gawanyeni wenyewe, vichwa kumi na moja. Richard ekari 100 mwaka 1654. Ukiona watu watatu wa jina moja wamepakana na mistari yao ya mipaka inagusana, hapo una familia hata kabla karani hajasema "mwana wa".

Kuhusu mipaka yenyewe, niruhusuni nipoteze dakika tano, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Sisi tuliokulia Kilimanjaro tunayajua masale: ule mmea wa mpakani ambao ukiung'oa umetangaza ugomvi. Virginia walikuwa na miti iliyotiwa alama ya shoka. Hati inasema: anzia kwenye mwaloni mweupe ulio mdomoni mwa hori, nenda kaskazini mashariki nyuzi kadhaa, poli kadhaa, hadi kwenye msonobari wa kona wa fulani, kisha ufuate mpaka wake. Poli ni futi 16 na nusu, yaani mita 5 na kitu kidogo. Poli nne ni mnyororo mmoja wa Gunter, yaani mnyororo wa wapima ardhi, na ekari moja ni poli za mraba 160. Shamba la ekari 250 kama lingekuwa mraba lingekuwa poli 200 kila upande, karibu kilomita moja kamili. Wazee, fikirini mnatembea kilomita nne kulizunguka, mbu wa Chesapeake wakiwashangilia.

Na walitembea kweli. Sheria ya 1662 iliagiza kwamba kila baada ya miaka minne majirani wazunguke mipaka pamoja na kuzifufua alama za miti. Taarifa zilipelekwa parokiani. Ukizipata, unapata orodha ya nani aliishi karibu na nani, miaka minne kwa miaka minne, na mara nyingine sentensi fupi kama "sasa ni ya mjane wake", ambayo ndiyo tanzia pekee aliyoipata mtu huyo.

Mimi huchora. Karatasi ya miraba, rula, kipima pembe, penseli iliyochongwa vizuri. Kipimo changu ni milimita moja kwa poli mbili. Shamba la kwanza likikamilika nalikata kwa mkasi, halafu la jirani, halafu la jirani wa jirani, nayasogeza mezani kama vipande vya kanga iliyochanika. Siku yanaposhikana, nazijua familia nane kwa mpigo. Hayashikani vizuri kila mara. Dira za wakati ule hazikuwa sahihi, na kaskazini ya sumaku huhama kadiri miaka inavyopita. Pembe zikipishana nyuzi mbili tatu, usimlaumu mpima.

Tuendelee na akina Johnson. Mwaka 1665 wako njiani kuhamia Somerset, Maryland, upande wa kaskazini wa ulimi ule ule. Anthony na Mary wanauza ekari 200 za Pungoteague kwa wanaume wawili, na zinazobaki wanamwachia mwana wao Richard. Mia mbili hamsini toa mia mbili? Hamsini. Mkiondoka na kitu kimoja hapa leo, kiwe hiki: hesabu kila ekari. Babu alipata ngapi, aliuza ngapi, zipi hazikuuzwa, zilikwenda wapi? Zile ambazo hazina karatasi ya mauzo ndizo zinazobeba habari za kifo na urithi. Virginia, kabla ya mabadiliko ya 1785, mtu akifa bila wosia ardhi yake ilikwenda kwa mwana mkubwa. Kwa hiyo ukimkuta mtu anauza shamba ambalo hakuwahi kulinunua, muulize baba yake.

Ekari 50 za Richard zikaleta habari mbaya. Agosti 1670 jopo la raia huko Virginia liliketi kuamua ardhi aliyoiacha Anthony Johnson, ambaye sasa ametajwa kama marehemu. Likaamua kwamba ardhi ile irudi kwa mfalme kwa sababu Johnson alikuwa Mwafrika na kwa hiyo mgeni. Mgeni! Mtu aliyeishi Virginia zaidi ya miaka arobaini, mahakama yenyewe imeandika zaidi ya thelathini. Ikaishia mikononi mwa George Parker, ndugu wa yule Robert. Niliwaambia tutalikuta jina lile.

Na bado, ona jinsi karatasi ile ya dhuluma inavyofanya kazi ambayo hakuna kitabu cha mazishi kilichoifanya. Mwaka 1666 Anthony yu hai, anakodi ekari 300 Somerset. Agosti 1670 ameshafariki. Kifo chake tunakipata kati ya hati mbili za ardhi.

Maryland ina utamu wake. Huko kila shamba lilipewa jina, na jina hilo likalifuata shamba hata likibadilisha wenyewe mara kumi, kwa sababu mwenye koloni, Lord Baltimore, alitoza kodi ya kila mwaka kwa kila kipande na alihitaji kukijua. Ziko daftari za kodi hizo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, Annapolis, na hati nyingi zimewekwa intaneti bure. Shamba la Anthony liliitwa Tonies Vineyard, shamba la mizabibu la Tony. Kama aliwahi kukamua zabibu, karani hakuandika. Ukitafuta Johnson katika Maryland utazama, wako kama mchanga. Tafuta jina la shamba, utatua palepale.

Baada ya mumewe kufariki, Mary alifanya upya mkataba wa shamba lile kwa miaka 99. Mwaka 1672 akawagawia wajukuu wake mifugo, na hapo ndipo wajukuu hao wanapotokea kwetu kwa majina. Ng'ombe nao ni ardhi inayotembea. Kila mfugaji wa kaunti alisajili namna anavyokata masikio ya ng'ombe wake, na alama hiyo ilirithiwa. Nimeona ukoo mwingine umethibitishwa kwa tundu la sikio.

Wanawake wengi hawakuwa na bahati ya Mary. Sheria ya Kiingereza ilimmeza mke ndani ya mume. Lakini mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hakulala usingizi mpaka mke aikane haki hiyo. Mke aliulizwa faraghani, mume akiwa hayupo, kama anakubali kwa hiari. Kauli yake ikaandikwa mwisho wa hati. Akina mama waliokaa nyuma wanacheka, wanajua "kwa hiari" inavyoweza kuwa. Lakini ile ndiyo nafasi ya kulipata jina lake. Someni hati hadi mstari wa mwisho, hadi alama walizochora na misalaba. Wanaume wawili wa jina moja mara nyingi hutofautishwa na alama: mmoja anachora nanga, mwingine herufi iliyopinduka.

Yule John wangu wa miezi minane, nimalize aibu hii. Niliona siku moja amekodisha shamba kwa shilingi tano, na kesho yake ameliuza kwa mtu yule yule. Nikaona wapo John wawili, mkodishaji na muuzaji. Kumbe ulikuwa ujanja wa wanasheria wa wakati ule: kukodisha leo na kuachia kesho, karatasi mbili kwa mauzo mamoja. Nilikuwa nimemzalishia mtu pacha. Na msiyaamini maneno ya undugu kama yalivyo leo. "Mkwe" angeweza kuwa mtoto wa kambo. "Mkubwa" na "mdogo" baada ya jina vilitofautisha tu watu wawili wa mtaa mmoja, wangeweza kuwa mjomba na mpwa, au wasiwe ndugu kabisa. Sisi tunaoita kila mtu baba mdogo hatupaswi kushangaa.

Sasa karatasi ya mwisho niliyowaletea. Mwaka 1677 mjukuu wa Anthony na Mary, John Johnson kama baba yake, alinunua ekari 44 Somerset. Ni shamba dogo. Ukilichora kwa kipimo changu linaenea kwenye kiganja. Akalipa jina. Alizaliwa upande huu wa bahari, hakuwahi kuiona Afrika, na baba yake naye hatuna karatasi inayosema aliiona. Alikuwa mbele ya karani, kalamu inasubiri, na angeweza kusema chochote. Akasema Angola.

Nilipoliona mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Ngola ni cheo cha wafalme wa Ndongo, Kimbundu, lugha ya Kibantu, binamu wa hii tunayozungumza hapa. Wareno wakaligeuza kuwa jina la nchi. Katika hesabu ya 1625 Antonio hakupewa asili yoyote. Ikabidi tungoje miaka 52 na vizazi vitatu, na jibu, au karibu na jibu, likaja kwenye safu ya majina ya mashamba, mahali ambapo mtafuta mababu hatazami kwa sababu anadhani ni habari ya udongo.

Katika karne ya 18 ukoo unafifia kwenye vitabu. Kijana mmoja hapa mbele ameniuliza kabla sijaanza kama wajukuu wao wapo leo. Mimi ningeanzia kwa majirani wa zile ekari 44: nani alipakana nao, nani alishuhudia hati zao, nani alilipa kodi ya Angola baada yao.

Chai naisikia inaita. Pale mezani kando ya maandazi nimeweka karatasi za miraba, rula na penseli. Ubaoni nimeandika mistari sita ya shamba la mazoezi, nimelitunga mwenyewe kwa hiyo lazima lifunge. Lako lisipofunga, rudia mstari wa tatu, ule unaofuata hori. Anzieni kwenye mwaloni.